Petroli Aliyoitunza Fundi Baran

Vijana wangu wa gereji, siku niliyovua ovaroli kwa mara ya mwisho mliniuliza swali ambalo sikulijibu. Mlikuwa mnabishana kama kawaida yenu, mkinywa chai kwenye kivuli cha lile lori lisilo na injini. Mmoja alisema petroli ya vituo vikubwa vya mjini, vile vyenye taa nyingi na wahudumu waliovaa sare, inaongezea gari maisha, na kwamba ya vituo vya bei nafuu inaua injini polepole. Mwingine akasema mafuta ni mafuta, yote yameshuka kwenye meli moja. Mkanigeukia. Nikasema nitawaandikia, mkacheka, mkidhani mzee anakwepa.

Sikukwepa. Jibu la swali lenu ni fupi, lakini nililipata kwa mtu, na huyo mtu siwezi kumsimulia nikiwa nimesimama na glasi ya chai mkononi. Sasa nina muda. Nina muda mwingi kuliko ninavyoupenda. Asubuhi bado naamka saa ile ile, nanawa, halafu nakumbuka kwamba hakuna gari linalonisubiri. Basi someni taratibu, na mkiona nimepotea njia, nivumilieni, nitarudi.

Nilianza kazi hapa hapa Katesh, kabla ya gereji hii yenu, kwenye gereji iliyokuwa Jorodom. Msiitafute. Pale tope la mlima lilipopita halikuacha hata lile shimo letu la kuingilia chini ya magari. Nikipita sasa husimama kando ya barabara na kujaribu kupima kwa macho: hapa palikuwa na benchi la vaisi ya kubania vyuma, hapa palikuwa na mlango wa mabati uliokuwa ukipiga kelele kila upepo ukivuma. Macho hayakubali. Wapo waliopoteza vikubwa zaidi mahali pale, kwa hiyo huwa sisemi kitu, naendelea na safari yangu. Lakini ninyi ni wenzangu wa kazi, nawaambia: naitamani ile gereji kama mtu anavyoitamani nyumba ya mama yake.

Mwenye kunifundisha alikuwa Fundi Baran, mtu wa Tlawi, kule juu Mbulu. Aliteremka akiwa kijana kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya ngano ya Hanang, akatengeneza matrekta hadi shamba lilipofungwa, ndipo akaanzisha gereji yake. Alikuwa mfupi, mwenye viganja vipana kama sahani, na hakuwahi kuniita kwa jina. Hata nilipopata mvi aliniita kijana.

Siku ya kwanza nilimkuta ameinama kwenye injini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Unajua nini?"

"Najua kufungua tairi."

"Tairi hata punda angefungua kama angekuwa na vidole. Shika hii."

Nilidhani atanipa spana. Alinipa chupa ya kioo yenye petroli ndani.

"Inua kwenye mwanga. Unaona nini?"

"Sioni kitu, fundi."

"Vizuri. Siku utakapoona kitu, niite."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwanzo. Kila gari lililokuja likikohoa, nilivuta petroli kidogo kwa mpira, nikaiweka kwenye chupa, nikaitazama. Wenzangu wa rika langu walikuwa wanafungua magiaboksi na kurudi nyumbani wakiwa weusi kwa grisi, wasichana wakiwaona. Mimi nilirudi msafi kama karani. Lakini baada ya muda nilianza kuona. Maji hukaa chini ya petroli, yamejitenga, yakitikiswa yanazunguka kama shanga. Kutu hutulia kama vumbi la pilipili. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haionekani kwa macho, ile unaipima kwa kiganja: dondoshea tone, subiri. Petroli safi huruka na kuacha mkono mkavu na baridi. Mafuta ya taa hubaki yakiteleza. Fanyeni hivyo hata leo, ingawa mna mashine za kusoma kompyuta ya gari. Mashine itawaambia injini inaumwa. Chupa itawaambia ilikula nini.

Fundi Baran alikuwa na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumtoa. Kulikuwa na kampuni moja kubwa ya mafuta, jina lake siliandiki kwa sababu sitaki ugomvi uzeeni, na kwake petroli ya kampuni ile ndiyo petroli. Nyingine zote alizipa jina moja: petroli ya kuwashia jiko. Mteja akija na gari linalotetemeka, kabla hajazima, Fundi Baran angeuliza, "Umeweka wapi?" Mteja akitaja kituo kidogo cha njiani, fundi angetikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za msiba.

Msimcheke. Imani yake ilikuwa na sababu. Enzi za ujana wake mafuta yalikuwa ya shida nchi nzima. Watu walichanganya chochote kilichowaka. Pale shambani kwenye ngano kulikuwa na pampu yenye nembo ya kampuni ile, na mzee mmoja aliyeilinda, ambaye kila asubuhi alipima tenki la chini kwa kijiti kuona kama kuna maji, na akiyaona anayatoa kabla hajamuuzia mtu. Magari na matrekta yaliyojazwa pale yalifanya kazi. Mengine yalikufa katikati ya ngano. Kijana akiona hivyo msimu baada ya msimu, ataamini nini? Ataamini nembo. Mimi kwa miaka mingi nimejiuliza kama alichopaswa kukiamini hakikuwa kile kijiti.

Nilimwambia hivyo siku moja.

"Kijana, umeshiba?"

"Nimeshiba, fundi."

"Ndiyo maana."

Tulibishana hivyo maisha yetu yote ya kazi, na sasa kwa kuwa hayupo wa kubishana naye naona kwamba sehemu kubwa ya furaha yangu ilikuwa ni mabishano yale. Siku hizi nikisema jambo nyumbani kila mtu ananikubalia. Inachosha.

Kuna gari moja nataka mlijue, kwa sababu lilinifundisha nusu ya jibu lenu. Lilikuwa kigari kidogo cha mwalimu wa sayansi aliyehamishiwa Gendabi kutoka Tanga. Mwalimu Zuhura alikuwa mtu wa kuuliza. Gari lake lilikuwa linamisi, injini ikirukaruka mapigo, linakata nguvu kwenye vilima, na pampu ya mafuta iliyo ndani ya tenki ilikuwa imeungua mara ya pili. Alituapia kwamba hanunui petroli ya mitaani hata tone. Anaweka Babati tu, kwenye kituo kikubwa, kile kile cha kampuni aliyoiamini Fundi Baran.

Fundi akafurahi, halafu akahuzunika, maana imani ilimwacha bila jibu. Nikavuta petroli kwenye chupa. Ilikuwa safi. Lakini chini kabisa ya tenki kulikuwa na uchafu mweusi wa miaka, kama masizi.

"Mwalimu," nikamuuliza, "ukitoka Babati, unaweka tena lini?"

"Nikirudi Babati."

"Na katikati?"

Akaanza kucheka peke yake. "Subiri, usiniambie, nimeona. Taa ya mafuta huwaka nikiwa hapa Katesh. Napita vituo vyote, navumilia hadi Babati. Pampu inapozwa na petroli inayoizunguka, sivyo? Kwa hiyo mimi nimekuwa naiendesha nje ya maji, kama samaki. Na inanyonya vumbi la chini."

"Ndivyo hasa," nikasema.

Ni yeye pia aliyenieleza jambo ambalo Fundi Baran na mimi hatukulijua sawasawa: zile namba wanazoandika kwenye pampu. Tulidhani namba kubwa ni petroli kali. Mwalimu Zuhura alikaa juu ya tairi na kutufundisha kama darasa lake. Alisema namba ile haipimi ukali, inapima uvumilivu. Petroli ya namba kubwa inabanwa sana ndani ya injini bila kulipuka kabla ya wakati wake. Injini iliyotengenezwa kubana sana, zile zenye turbo, inahitaji petroli yenye uvumilivu huo, na kitabu cha gari kitasema. Injini ya kawaida ukiipa petroli ya namba kubwa ni kama kumwajiri mtu mvumilivu kukaa kwenye nyumba isiyo na ugomvi. Hatakuwa na la kuvumilia.

Fundi Baran alisikiliza hadi mwisho, akashukuru kwa heshima, na mwalimu alipoondoka, akaniambia, "Umeona? Amesema petroli zinatofautiana."

Basi nusu ya jibu ni hii. Petroli inayoingia nchini inakuja kwa pamoja, inakaa kwenye matenki makubwa ya bandarini, na malori ya kampuni mbalimbali yanachota humo. Kampuni nyingine huongeza dawa zake za kusafisha nozeli na vali, na dawa hizo si uongo. Kwenye gari la kisasa, kwa miaka, zinasaidia kidogo. Hutaisikia tofauti siku hiyo wala mwezi huo. Ukiweza kuipata bila kujitesa, weka. Lakini kinachoua magari yetu huku ni vingine: tenki la kituo lenye maji, dumu chafu, petroli iliyokaa mno. Kwa hiyo mteja akiwauliza aweke wapi, mwambieni aweke mahali penye magari na pikipiki nyingi, ambapo mafuta hayakai. Asiweke wakati lori la mafuta linashusha, maana uchafu wa chini unakuwa umevurugwa. Na asiache tenki likauke akisubiri nembo anayoipenda.

Nusu ya pili ya jibu niliipata kwenye mlima Magara.

Fundi Baran alizeeka, akarudi Tlawi kwenye shamba la baba yake, miaka kadhaa kabla ya lile tope la Jorodom. Aliniachia gereji. Alichoondoka nacho ni Landrova ya kijani ya petroli aliyoinunua shamba la ngano lilipouza mali zake. Nilimtembelea nilipopata nafasi. Nilipenda kupanda kule. Asubuhi Tlawi unaona mabonde yamejaa ukungu na moshi wa majiko unatoka juu ya paa taratibu, kama hauna haraka ya kwenda popote. Mke wake, Mama Yasinta, angeniletea maziwa kabla sijakaa, kisha angemwambia mumewe, "Haya, mtu wako amekuja, mnaweza kuanza ugomvi."

Kisha Mama Yasinta akaugua. Alipelekwa hospitali Arusha, na binti yao mkubwa, Yasinta, akakaa naye kule. Ilisemekana ni wiki chache. Wiki zikawa miezi, mvua ndogo zikapita, mvua kubwa zikaja na kwisha. Hatimaye madaktari wakasema kwa upole kwamba walichoweza kufanya wamekifanya. Mama Yasinta mwenyewe alikuwa ameshaelewa kabla yao. Akampigia simu mumewe akamwambia anataka kurudi nyumbani mapema, angali na nguvu za kukaa. Maneno yake Fundi Baran aliyarudia kwangu kwenye simu, na sauti yake sikuitambua: "Anasema anataka kuwaona ng'ombe wake wakiingia zizini, akiwa amekaa mlangoni pake mwenyewe. Hataki kuingizwa amelala. Kijana, utanisindikiza?"

Nilipanda basi siku hiyo hiyo.

Nilipofika Tlawi nilimkuta anajaza madumu mawili ya petroli kutoka kwenye pipa lililokuwa stoo, pembeni ya magunia ya mahindi.

"Hii ni ya kampuni," akasema. "Niliifuata Arusha nilipompeleka. Niliiweka kwa ajili ya siku ya kumrudisha."

Nililiona pipa. Niliona pia uso wake. Alikuwa anamimina kama mtu anayemimina asali. Mnajua desturi ya huku kwetu: kilicho bora hakiliwi kila siku. Samli ya kwanza, asali nyeupe, kondoo aliyenona, vinawekwa kwa ajili ya anayekuja. Na yeye alikuwa na mtu anayekuja. Nikamshikia dumu.

Tulishuka Magara kwa petroli ya kawaida aliyoiweka Mbulu mjini. Ile nzuri ilikaa nyuma, imefunikwa kwa blanketi. Kijijini Magara, chini ya mlima, tulisimama breki zipoe. Mama mmoja, wanamwita Mama Happy, alikuwa na meza ya chupa za petroli kando ya barabara.

"Baba, karibu mafuta," akaita.

"Asante mama, sisi hatuna jiko la kuwasha," Fundi Baran akajibu.

Mama Happy alinyamaza. Ni kunyamaza kwa mtu anayeweka akiba.

Kesho yake tulimchukua mgonjwa hospitali kule Arusha. Alikuwa amepungua hivi kwamba niliposema "Shikamoo mama" nilimsalimia binti yake kwanza kwa makosa. Alicheka. Sauti yake ilikuwa ile ile. Tulimtandikia godoro nyuma akae na Yasinta, lakini alikataa, akataka kiti cha mbele, katikati yetu, mto mgongoni. Njiani alilala kidogo, akaamka, akauliza tumefika wapi, akalala.

Pale njia panda ya Mbuyu wa Mjerumani, tunapoiacha barabara ya Babati, Fundi Baran akasimama. Tenki lilikuwa karibu tupu. Alikuwa amelipigia hesabu hivyo kwa makusudi. Akateremsha madumu yake.

"Tambarare haihitaji mafuta mazuri," akaniambia. "Mlima ndio unaohitaji."

Akamimina yote mawili.

Tulipita kijiji cha Magara vizuri. Tukaanza kupanda. Kona ya kwanza, sawa. Kona ya pili Landrova ikakohoa, ikakata, ikashika tena, ikakohoa, ikafa. Niliruka nje nikaweka mawe nyuma ya magurudumu. Nyani walikuwa wamekaa ukutani wakituangalia kama wazee wa baraza.

Gari lile lina kikombe kidogo cha kioo chini ya pampu ya mafuta, cha kukamatia maji na uchafu. Fundi Baran alifungua boneti, akakitazama. Nikasogea. Kikombe kilikuwa kimejaa maji, na juu yake utando mwembamba wa petroli ya rangi ya chai. Tukafungua plagi ya chini ya tenki, nikakinga chupa. Maji, kutu, na harufu nzito ya rangi ya kupaka iliyoachwa wazi.

"Haiwezekani," akasema. "Hii ni ya kampuni."

"Fundi, pipa lilikuwa limejaa?"

"Lilikuwa limejaa. Halafu padri wa kwetu aliishiwa mafuta wakati wa mvua, nikampunguzia." Akakaa juu ya jiwe. "Zaidi ya nusu."

Hakuhitaji nimweleze. Yeye ndiye aliyenieleza mimi, zamani, pale Jorodom: pipa lisilojaa, baridi ya usiku na joto la mchana, hewa inayopumua ndani na kuacha jasho lake. Petroli nayo ikikaa miezi mingi inapoteza ule wepesi wake wa kuwaka. Asali ukiificha inakungoja. Petroli haimngoji mtu, hata awe ameinunua kwa nani. Alilijua hilo kuliko fundi yeyote wa Hanang na Mbulu, lakini aliyeitunza petroli ile hakuwa fundi, alikuwa mume.

"Tuiache itulie," akasema kwa sauti ndogo. "Maji yatakaa chini, tuchote ya juu."

"Na ya juu imechacha, fundi. Na itatuchukua mchana wote."

Mle ndani Mama Yasinta alikuwa ameegemea mto wake, macho wazi. Jua lilikuwa limeshavuka kichwa. Yasinta alinitazama kwa namna ya kuniomba. Nilisimamisha pikipiki iliyokuwa inashuka.

Mama Happy aliniona kabla sijashuka kwenye boda.

"Karibu. Pikipiki au gari?"

"Gari. Landrova."

"Ya kijani? Ya yule mzee asiye na jiko?"

Nikashuka kwenye boda.

"Leo anataka kupika nini?"

Vijana wa boda walicheka hadi mmoja akashika mti.

"Mama, tuna mgonjwa kwenye gari. Mke wake. Tunamrudisha nyumbani Tlawi."

Kicheko kikakatika. Alianza kupanga chupa kwenye ndoo kabla sijamaliza. "Si ungeanza na hilo, baba?"

"Naomba niitazame kwanza."

"Tazama. Fundi asiyetazama ni abiria tu."

Nikainua chupa kwenye mwanga. Sikuona kitu. Nikadondoshea kiganjani; ikaruka, mkono ukabaki mkavu.

"Imefika lini?"

"Asubuhi ya leo. Hawa hapa wanaimaliza kabla jua halijazama. Sina hata muda wa kuizoea."

Niliporudi Fundi Baran alikuwa ameshalikausha tenki na kusafisha kikombe na kabureta, haraka na kwa usafi, kama alivyokuwa akifanya zamani. Lakini alipoziona zile chupa mikono ikasimama.

"Hii haiwezi kutupandisha," akasema. "Na yeye akiwa ndani? Tukifia kwenye kona ya juu je?"

Nikainua chupa aione. Aliangalia pembeni. Ndipo Mama Yasinta alipoongea, kwa sauti ya mtu anayeongea akiwa anapika.

"Baba Yasinta. Siku uliyonitoa kwa baba yangu, ulikuja na trekta la shamba."

"Ndiyo."

"Uliweka mafuta gani?"

Fundi alikuna shingo. "Ya dumu."

"Dumu la nani?"

"Sijui. Tuliazima njiani."

"Na nilifika?"

Yasinta alianza kucheka, nami nikashindwa kujizuia, na yule mzee akachukua chupa ya kwanza mkononi mwangu, akaiinua kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu sana, akamimina. Kisha ya pili. Aliimimina yote mwenyewe.

Injini ilishika mara ya tatu. Tulipanda kwa gia ya kwanza, tukipita kwenye zege, ziwa likibaki chini nyuma yetu. Fundi Baran aliendesha akiwa ameinamisha sikio kuelekea kwenye boneti, akisubiri kikohozi ambacho hakikuja. Juu kabisa baridi ya Mbulu ikaingia dirishani na Mama Yasinta akavuta pumzi, akasema, "Hii hapa," basi.

Wote wawili sasa wamelala Tlawi, mama alitangulia msimu ule ule na mumewe akamfuata baadaye. Nimekuwa nikijiuliza ni nini hasa ninachokitamani ninapokaa hapa nyumbani bila kazi. Sitamani ujana. Natamani kuwa na mtu anayenibishia kwa jambo analolipenda, na gari lililokufa mbele yetu, na sababu ya kulifikisha. Ninyi mnavyo vyote vitatu. Mnavyo kila siku, na chai ya moto juu yake.

Siku ile tulifika Tlawi jua likiwa bado juu ya vilima. Yasinta na mimi tulimshusha mama yake, na alitembea, akitushika, hatua zake mwenyewe, hadi kwenye kigoda kilichowekwa mlangoni. Akakaa. Akajifunika shuka vizuri mabegani. Fundi Baran hakuwa ameshuka pamoja nasi. Alikuwa amefungua boneti, injini ikiwa inaunguruma, ameinama ndani, anasikiliza.

"Baba Yasinta," mkewe akaita.

"Nakuja, nasikiliza kidogo."

"Zima. Njoo ukae."

Akazima. Uwanja ukawa kimya hadi tukasikia kengele za ng'ombe wakipanda kutoka bondeni. Alikuja akifuta mikono kwenye suruali, akakaa chini kando ya kile kigoda. Mimi nikatafuta kazi ya kufanya upande wa pili wa gari, ingawa haikuwepo. Ng'ombe wakaanza kuingia mmoja mmoja, naye Mama Yasinta akawa anawataja kwa majina. Mara moja alikosea. Alimwita ndama mkubwa kwa jina la ng'ombe aliyemzaa. Nilimwona Fundi Baran akifungua mdomo kumsahihisha. Kisha akaufunga, akamwacha aendelee.